Theluji Niliyomtungia Mama

Kila asubuhi, kabla sijanywa hata chai, mama yangu aliniuliza habari za hali ya hewa. Si ya Kampala, tunakoishi, wala ya Bukavu, tulikozaliwa sote. Aliuliza ya mji mmoja wa Kanada ambao mpaka leo hawezi kulitaja jina lake bila kulikata katikati. Mdogo wangu ndiye anayeishi huko.

"Kule iko namna gani?" aliuliza, akiwa bado kitandani, blanketi limemfika kidevuni.

Nami nafungua simu. Ya mama ni ile ya tochi, ya kupiga na kupigiwa tu. Yangu ndiyo yenye mtandao, na mji wa mdogo wangu nilikuwa nimeuweka juu kabisa ili usinipotezee muda. Nasoma: digrii tano chini ya sifuri. Kesho yake: kumi na mbili chini ya sifuri, upepo mkali. Mama anatoa sauti ndogo ya huruma, kama aliyeona mtoto akijikwaa, kisha anaanza kuomba. Ee Mungu mfunike mwanangu, ee Mungu umpe viatu vizuri. Nikishamaliza kusoma najitwisha vitenge vyangu na kutoka. Hakuna hata siku moja aliyoniombea mimi viatu vizuri, na mimi ndiye nitembeaye kutwa.

Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema: nilikuwa na wivu. Sikulionea wivu lile koti nene la mdogo wangu, wala nyumba yake yenye ngazi ndani. Niliionea wivu baridi yake. Mtoto aliye mbali ana hali ya hewa. Kila siku kuna jambo la kumwulizia. Mtoto aliye karibu hana. Anarudi jioni amelowa, anaulizwa kama amepita kununua mkaa.

Tunakaa Kasubi, katika chumba kimoja cha kupanga kwenye safu ya vyumba sita, mlango kwa mlango, bati moja refu juu yetu sote. Mvua ikinyesha huko Kasubi husikii redio, husikii mtoto wa jirani analia nini, husikii hata mawazo yako. Kazi yangu ni vitenge. Napokea vipande kwa mama mmoja wa kwetu anayeleta mzigo kutoka Congo, navipanga begani na kichwani, naanza safari: leo Mengo, kwa walimu na wauguzi, kesho Bugolobi, kwenye zile nyumba za ghorofa, ambako wanawake wananunua wakiwa kwenye ngazi na taulo kichwani. Nimeifanya kazi hiyo tangu tulipofika. Magoti yangu yanaijua Kampala kuliko macho yangu.

Tulifika watatu, mama na binti zake wawili, tukiwa na faili moja la ukimbizi. Mimi ndiye niliyekwenda kupanga foleni, mimi ndiye niliyejibu maswali, nikaeleza mara nne mambo ambayo mtu hapendi kuyaeleza hata mara moja. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa nyumbani akisuka nywele za majirani. Halafu akampata mchumba kanisani, kijana mpole wa kutoka Uvira, ambaye faili lake lilikuwa limekwisha kupita na kugongwa mihuri yote. Wakafunga ndoa, jina la mdogo wangu likahamia kwenye karatasi za mumewe, na baada ya miezi michache akapanda ndege. Faili letu likabaki na watu wawili, nalo linasubiri hadi hivi leo. Sikatai, harusi ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyepika.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakupata kulala kwetu hata siku moja. Kwetu asiyekuwapo ndiye mwenye kikombe chake kisichoguswa, na picha yake juu ya kabati, na paja la kuku siku ya sikukuu, linalowekwa pembeni "kwa ajili yake" mpaka mama aone linaharibika na kuniambia nile. Nimekula mapaja mengi ya kuku ya mdogo wangu. Hayana ladha.

Huo mwaka ninaousimulia, mdogo wangu alisema atakuja kwa Noeli. Ilikuwa miaka minne tangu aondoke. Mama alipolisikia hilo, presha yake, ambayo daktari alikuwa ameonya sana juu yake na kuniamuru nisimletee huzuni nyumbani, ilishuka yenyewe kama iliyoambiwa. Akaanza kujiandaa tangu Oktoba. Akaagiza sambaza wakavu kutoka Bukavu, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu, wakaja na basi wamefungwa katika gazeti, chumba kizima kikanuka nyumbani. Akamtaarifu mwenye nyumba wetu, mama wa Kiganda mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, naye akaahidi mkungu wa matoke. Kisha akaingia katika mzigo wangu wa biashara, akachagua kitenge.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyopata mwaka huo: bluu iliyokolea, na ndege wadogo wa manjano waliopangwa kana kwamba wanatoka begani kwenda kiunoni. Muuguzi mmoja wa Mengo alikuwa amenisihi nimwekee. Mama alikikunja mara nne, akakitia chini ya godoro, upande wake wa kitanda, akasema hicho cha mdogo wako, atashonewa siku akifika. Mimi nimeuza vitenge miaka yote hiyo na nguo zangu ni zile zile mbili, moja ikiwa imefuliwa na nyingine mwilini. Nilikwenda Mengo na kumdanganya muuguzi kwamba kimeibiwa.

Mwishoni mwa Novemba, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za Bugolobi nikimsubiri mteja aoge, nilifungua simu nikaona utabiri wa majira ya baridi wa kanda nzima ile ya mdogo wangu. Ulikuwa mrefu. Niliusoma polepole, Kiingereza changu ni cha sokoni. Walisema Januari itakuwa kali na Februari itamwaga theluji nyingi, ila wiki ya sikukuu, kuanzia Noeli hadi Bonane, siku ya mwaka mpya, itakuwa na joto lisilo la msimu wake. Digrii tisa, pengine kumi. Manyunyu badala ya theluji. Watu wataziona nyasi, waliandika, jambo ambalo huko linaonekana ni habari.

Ilikuwa habari njema kwa mama. Barabara zingekuwa wazi, ndege zingeruka. Ningeweza kumfikishia jioni ile na kumwona akipiga makofi. Sikumfikishia. Niliikalia habari ile kama kuku anayekalia yai, kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuleta furaha iliyo ya mwingine. Acha ahangaike kidogo, niliwaza. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili moja kabla ya Noeli, tumerudi kutoka kanisani, simu yangu ikaita. Ni yeye. Nikaweka sauti ya juu ili mama asikie, nikaishika simu katikati yetu. Mdogo wangu alianza kwa kusalimia vizuri, akamwuliza mama dawa, akauliza hata miguu yangu. Halafu akasema hataweza kuja. Theluji. Imetabiriwa theluji mbaya wiki nzima ya sikukuu, alisema, ndege zinafutwa, njia ya kwenda uwanjani itafungwa, mumewe amekataa asisafiri katika hali hiyo. Aliyasema yote haraka, kama mtu anayesoma.

Mama hakulalamika. Alimfariji. Abaki ndani, avae soksi mbili, asihuzunike, Mungu akipenda atakuja mwaka mwingine. Nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya simu na mama akadhani ni kwa huzuni, akanishika kiwiko. Ndani ya simu ile ile, chini ya jina la mji ule ule, kulikuwa na digrii tisa na nyasi.

Nilitoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, nikaupiga picha ule utabiri, nikamtumia mdogo wangu bila neno lolote. Ilimchukua saa tatu kunijibu.

"Yaya, tafazali usimuambie," aliandika. Sisi kwetu mkubwa wako unamwita yaya. Halafu likafuata jingine: "Siwezi kuona ile chumba tena."

Nililisoma hilo la pili mara nyingi. Chumba chenyewe ndicho nilichokuwa nimesimama mlangoni pake. Hakuwa mgonjwa, hakukosa nauli, hakukatazwa na mume. Hakutaka tu kukiona kitanda anacholala mama na mkeka ninaolala mimi. Hasira iliyonipata sijapata kuipata tena. Ningeweza kuogopa kukiona na mimi pia, kama ningepewa nafasi ya kuogopa.

Siku mbili nilitembea na jambo hilo pamoja na vitenge. Mwezi huo ndio mwezi wa biashara, wanawake wote wa Kampala wanataka nguo mpya ya kwendea kijijini, na mimi nikawa naandaa maneno. Nitamwambia hivi: Mama, kaa chini. Mama, tazama hapa, hii namba tisa unaiona? Haina ile alama ya kutoa mbele yake. Mtoto wako unayemwombea soksi amekudanganya. Nilimwona mama akilini akiniangalia mimi, mimi peke yangu, akitambua hatimaye ni nani aliyebaki. Nikaonja utamu wa jambo hilo kuanzia Mengo hadi nyumbani.

Jioni ya pili nilifika mapema, simu mkononi tayari. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kile kitenge cha ndege mapajani. Alikuwa amekikunjua, anakipapasa kwa kiganja kama anayelainisha kitu kilichokwisha kuwa laini. Hakunisikia nikiingia.

Hapo nikaona jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha. Nikisema, atalia. Na machozi yale hayatakuwa yangu. Atalia kwa ajili ya mdogo wangu. Presha itapanda kwa ajili ya mdogo wangu, nami nitambeba mama mgongoni hadi barabarani na kumpeleka hospitali na ugonjwa ambao ni wa mdogo wangu. Wiki nzima ya sikukuu itakuwa msiba wa mtu aliye hai, na mimi mpishi. Hapana, niliwaza. Amepata maombi, amepata kitenge, amepata mapaja ya kuku. Machozi simpi.

Basi nilikunywa maji, nikamwuliza mama kama amekwisha kula.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli akaniuliza kama kawaida. Simu ilisema digrii nane, mawingu mepesi. Nikasema theluji imeanguka usiku kucha, imefika magotini, magari hayatembei. Mama akatoa ile sauti yake ya huruma, akaomba, mimi nikatoka. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Siku ya Noeli ilitunyeshea Kasubi mvua kubwa alfajiri, mvua isiyo na adabu, ya kupiga bati hadi vikombe vinatetemeka. Mwenye nyumba alikuwa amekimbilia kwetu na matoke yake yaliyofungwa katika majani ya mgomba, akakaa nasi kungoja ipungue. Mama akaniuliza habari za kule. Sikuwa nimeandaa kitu. Theluji sijapata kuiona maishani mwangu ila kwenye picha, na picha hazitoi sauti, kwa hiyo niliichukua mvua ile ile iliyokuwa juu ya vichwa vyetu nikaibadilisha jina.

Nikasema kule ni balaa. Theluji imepiga mabati tangu saa nane za usiku, watu ndani ya nyumba hawasikilizani, wanaongea kwa mikono. Nikaongeza radi moja, iliyopasua mti mbele ya nyumba ya mdogo wangu, na mti ukaanguka upande wa pili, kwa neema ya Mungu.

Mama alinitazama. Kikombe kilikuwa karibu na mdomo wake.

"Kule iko mabati?" aliuliza.

Nikasema iko, ya pale wanapoweka gari. Akasema "Aa," akanywa chai.

Mwenye nyumba ndiye aliyetikisika. Alijishika mashavu, akamwambia mama, "Jjajja, pore sana. Sasa hao watu wanakura nini, kama inje yote ni barafu?" Jjajja ndivyo Waganda wanavyomwita bibi. Mama akamjibu kwa utulivu kwamba wana duka ndani ya nyumba. Nilimshangaa alikolitoa hilo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi yangu niliipata ndefu na yenye maua. Kuanzia siku hiyo theluji ilinishika. Nikipita chini ya ukuta wa kasri ya Mengo na mzigo kichwani, sikuwa nahesabu tena hatua, nilikuwa natunga theluji ya kesho. Siku ya tatu ilileta mafuriko, ikasomba daraja dogo na kuacha matope ya rangi nyekundu kila mahali. Siku ya nne ikaingia dirishani ikalowesha mchele wa mdogo wangu gunia zima, na hilo nililisema kwa furaha ambayo nilijaribu kuificha. Siku ya tano ilitulia jioni, na baada ya kutulia vyura wakalia usiku kucha, mji mzima haukulala.

"Vyura," mama alisema.

"Wengi," nikasema mimi.

Kulikuwa na mambo niliyoyaona bila kuyaangalia. Kwamba siku ya nne nilipoamka mama alikuwa ameshaketi, na chai yangu imekwisha kumiminwa na kufunikwa sahani. Kwamba hakuanza tena kuomba papo hapo baada ya kunisikiliza. Kwanza aliuliza maswali. Mbwa wa kule wanalala wapi? Na yule mti ulioanguka, nani amechukua kuni? Nikamjibu kuni zimechukuliwa na jirani mmoja mchoyo, mjane, na siku iliyofuata akataka kujua habari za mjane. Siku ya sita, nilipofika mahali ambapo theluji ilimfukuza mjane huyo hadi juu ya paa, mama alijifunika mdomo kwa ncha ya blanketi na mabega yakamtikisika. Nikadhani ni kikohozi. Nilimletea maji ya uvuguvugu.

Katikati ya hayo, mdogo wangu aliweka picha kwenye simu yake ili watu wote waone. Walikuwa kwenye bustani, kwenye nyasi za kijani, watoto wake wawili, waliozaliwa huko huko, wamevaa mikono mifupi, mumewe anageuza nyama juu ya moto, na yeye amecheka hadi macho yamefumba. Aliandika kwa Kifaransa kwamba hii ni Noeli ya ajabu, kama ya nyumbani. Mgala muue na haki yake mpe: alikuwa mzuri. Amenenepa vizuri. Niliitazama ile picha nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, na wivu ukanijaa tena, kwa sababu hata joto lilikuwa limemfuata huko. Mimi nilikuwa natwanga theluji usiku na mchana kwa ajili ya uongo wake, naye amekaa juani.

Ilifika Bonane. Asubuhi ya mwaka mpya jua lilitoka Kasubi, jua safi, majirani wengi wapo vijijini mwao na uwanja mzima kimya. Nilikuwa nimeandaa mwisho. Theluji ingekoma, upinde wa mvua ungetokea, mjane angeteremka kwenye paa na kuokoka. Nilikwisha kuufikia upinde mama akaniwekea mkono juu ya simu. Nikaona kwamba hata simu yenyewe ilikuwa imezimika, sikuwa nimeiwasha tangu niamke.

"Theluji haina sauti," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza polepole, bila ukali. "Mwaka ya kwanza mudogo wako aliniambiaka," alisema. Alimpigia mama akilia. Aliamka asubuhi akafungua pazia, akakuta dunia nzima imefunikwa, na hakuwa amesikia hata kitu. Ndicho kilichomtisha. Amekulia chini ya bati, mahali ambapo hata manyunyu hubisha hodi, na hiki kikubwa kimekuja usiku kama mwizi na kumkalia mlangoni. Alilia kwa sababu ya ule ukimya. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini.

"Haipigi bati," mama akasema. "Haina radi. Haina vyura."

"Tangu siku gani ulijua?"

"Ya mabati."

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Nikamwuliza kwa nini basi aliniacha niendelee siku zote zile, nikijidhalilisha na mjane juu ya paa. Mama alikuwa anakunja blanketi. Alilinyoosha pembe na pembe kwanza.

"Nilitaka kusikia ya kesho," alisema.

Nikashika pembe ya pili ya blanketi. Nikamwuliza kuhusu mdogo wangu, kama mama anajua pia kwamba kule hakukuwa na theluji kabisa, na moyo wangu, usiojua aibu, ukainuka kidogo kungoja jibu. Akasema alijua siku ile ile ya simu. Mtoto wake akisema uongo huongea haraka, tangu mdogo. Alilia kesho yake, mimi nikiwa Bugolobi, akalia hadi akamaliza, akajipangusa na kumeza dawa yake. Kwa hiyo machozi niliyokuwa nimeapa kumnyima mdogo wangu, yeye alikwisha kuyapata yote, tena faraghani, kabla sijatunga hata punje moja ya theluji. Nilipomkuta mama na kitenge mapajani, alikuwa amekwisha kulia tangu jana yake. Mimi nikamwuliza kama amekula.

"Yake ilikuwa fupi," mama alisema. Alikuwa anazungumzia uongo wetu, wa binti zake wawili, akiulinganisha kama anayelinganisha mboga. "Theluji, basi. Neno moja. Yako ilikuwa na watu."

Sitasema kwamba wivu uliisha. Jioni hiyo tulikula sambaza wa mdogo wangu, wote, na paja lake la kuku mama alinipa likiwa bado la moto, na nililila lote nikakwangua na mfupa. Lakini kitenge cha ndege kilirudi chini ya godoro. Nilidhani, baada ya mambo yote hayo, labda angesema kipeleke kwa fundi, vipimo vyako unavijua. Hakusema. Alikikunja mara nne na kukirudisha upande wake, kwa ajili ya mwaka mwingine, na kipo hapo hadi leo. Yule ni mwanawe pia. Najua hivyo, na kujua hakunisaidii sana.

Kesho yake, tarehe mbili, niliamka kwenda kazini. Chai ilikuwa imefunikwa sahani. Mama alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, akinisubiri. Nikafungua simu kabla hajauliza, mji wa mdogo wangu ukatokea pale juu, digrii sita, nikajiandaa kusoma ukweli, ambao sasa niliuona mkavu mno.

"Na wewe leo unapita wapi?" mama akauliza.

Nikamwambia Mengo asubuhi, halafu Bugolobi.

"Kule Bugolobi iko mvua leo?"

Nilibonyeza, nikarudi nyuma, nikabonyeza tena. Miaka minne niliibeba simu ile kila mahali na sikuwa nimewahi kuandika Kampala ndani yake. Nikamwambia sijui, mama, ngoja nikaangalie, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikainua kichwa. Upande wa ziwa kulikuwa na wingu moja jeusi, lililonona, halijaamua.

Nikarudi ndani nikamwambia huenda ikanyesha mchana.

"Basi beba plastiki," mama akasema. "Ya vitenge, na ya kichwa chako."

Nikazibeba zote mbili.